Kutoka Meza ya Maabara hadi Zahanati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Teknolojia za Afya Kigoma na Tabora

Ukurasa huu ni wa watafiti, wahandisi, wanafunzi wa vyuo na watumishi wa afya wenye kifaa, kipimo au programu wanayotaka ifike kwa mgonjwa katika mikoa yetu hii miwili. Maswali yamepangwa kwa jinsi yanavyozuka kazini. Ruka uende kwenye lile linalokuhusu.

Kifaa chetu kinafanya kazi vizuri maabara. Kwa nini tunaambiwa bado?

Kwa sababu maabara ina mambo manne ambayo zahanati nyingi hazina: umeme usioyumba, joto lisilopanda na kushuka ovyo, muda wa kutosha, na mtengenezaji mwenyewe akiwa amesimama pembeni. Ondoa hayo manne ndipo utajua ulichonacho.

Kipimo chetu cha utayari ni hiki: muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku aweze kukiwasha kifaa, kukitumia kwa mgonjwa, kukisafisha, na kutambua kwamba kimekosea, bila kukupigia simu. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika sana. Kifaa kilichozima kabisa kina afadhali, maana muuguzi atarudi kwenye njia yake ya zamani. Hatari kubwa iko kwenye kifaa kinachoendelea kuonyesha namba, na namba yenyewe ni ya uongo.

Wapo wanaotumia ngazi 9 za utayari wa teknolojia, utaratibu ulioanzia NASA, shirika la anga za juu la Marekani, miaka ya 1970. Ngazi ya 4 ni kifaa kilichofanya kazi maabara. Ngazi ya 7 ni kifaa cha mfano kilichojaribiwa kwenye mazingira halisi ya kazi. Ni kawaida timu kujiandikia ngazi ya 7 kwa sababu walipeleka kifaa hospitalini siku moja, wakakiwasha wenyewe, wakapiga picha na kuondoka nacho. Hiyo bado ni ngazi ya 4 iliyosafiri.

Tuanze na kifaa au tuanze na tatizo?

Na tatizo, na lianzie vituoni. Tenga siku 10 za kazi kwa ngazi tatu tofauti: zahanati moja ya mbali (za mwambao wa ziwa kama Kalya au Kagunga zitakufundisha haraka), kituo cha afya kimoja, na hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora. Omba ruhusa kwa Mganga Mkuu kwanza. Hesabu kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za kituo, vya miezi 12 iliyopita wagonjwa wenye tatizo unalotaka kulitatua. Zahanati inayoona mgonjwa wa aina hiyo mara 2 kwa mwaka haihitaji kifaa chako. Inahitaji njia ya kumpeleka mgonjwa kule kifaa kilipo.

Kisha omba ufunguliwe stoo ya vifaa vibovu. Hakuna darasa linaloshinda chumba hicho. Utakuta mashine nzima ambayo chaja yake imepotea, kipima oksijeni ambacho waya wa kihisi cha kidole umekatika pale unapoingia kwenye plagi, mashine iliyoishiwa karatasi ya kuchapia ya saizi isiyouzwa nchini, na nyingine inayodai nywila ambayo aliyekuwa akiijua alishahamishwa. Andika sababu ya kila kimoja. Orodha hiyo ndiyo itakayokuwa masharti yako ya usanifu.

Kipimo chetu kina usahihi wa asilimia 95. Hiyo haitoshi?

Inategemea unakipeleka wapi. Swali hili tunalijibu kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo vipimo vizuri huharibikiwa jina.

Kwanza, “usahihi wa asilimia 95” ni maneno yasiyokamilika. Kuna usikivu, yaani katika wagonjwa 100 kipimo kinawakamata wangapi. Na kuna umahususi, yaani katika watu 100 wasio na ugonjwa kipimo kinawaacha salama wangapi. Tuseme vyote viwili ni asilimia 95.

Chukua watu 1,000 mahali ambapo 200 kati yao wana ugonjwa. Kipimo kitawakamata 190. Kati ya 800 wazima, kitawasingizia 40. Jumla ya waliopewa jibu la “ndiyo” ni 230, na 190 kati yao ni wagonjwa kweli: karibu asilimia 83. Sasa peleka kipimo kilekile mahali ambapo wagonjwa ni 20 tu kati ya 1,000. Kitawakamata 19 na kuwasingizia 49. Kila majibu 68 ya “ndiyo”, 19 tu ndiyo ya kweli, yaani asilimia 28. Hakuna kilichobadilika kwenye kipimo. Mahali ndipo palipobadilika.

Kwa malaria tofauti hiyo ni ya kweli kabisa hapa nchini. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta Kigoma ikiongoza, takriban asilimia 24 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wakiwa na vimelea. Utafiti wa 2022 ukaikuta Tabora juu, takriban asilimia 23. Arusha iko chini kabisa. Kwa hiyo matokeo uliyoyapata Kaliua usiyabebe kama yalivyo kuyapeleka Arusha, wala usiyalete ya huko hapa.

Pili, katika mikoa yenye malaria nyingi kuna mtego wa protini ya HRP2, ambayo vipimo vingi vya haraka huitafuta. Protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyetibiwa wiki mbili zilizopita, akija na homa ya kichomi, kipimo kitasema malaria. Ukitengeneza kipimo kipya kinachotumia HRP2, huna budi kuandika mapema utawafanyaje waliotibiwa karibuni. Kuna pia vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, ambavyo kipimo kinaweza kutoviona. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadili aina ya kipimo pale majibu ya uongo yanayotokana na upotevu huo yanapozidi asilimia 5.

Kipimo kimeshathibitishwa nchi jirani. Lazima tukijaribu tena hapa?

Lazima. Mfano ulio karibu nasi ni malale. Kipimo cha kadi kinachotumika Kongo kinatafuta kingamwili dhidi ya *Trypanosoma brucei gambiense*. Malale ya Urambo, Kaliua, Kasulu na Kibondo husababishwa na *rhodesiense*, kimelea kingine kinachoua haraka zaidi, na kadi ile haikitambui. Ng’ambo moja ya ziwa kipimo kinaokoa watu, ng’ambo ya pili kinamwambia mgonjwa kuwa ni mzima. Huku kwetu hadubini na tone la damu bado ndiyo njia, kwa kuwa *rhodesiense* huwa wengi kwenye damu. Kituo cha Tabora cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kina historia ndefu na ugonjwa huu. Kama unafanya kazi ya malale, anza kwa kubisha hodi pale.

Tunahitaji watu wangapi kwenye jaribio?

Hesabu haina miujiza. Tuseme unatarajia usikivu wa asilimia 90 na unataka kosa lisizidi asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Zidisha 1.96 kwa 1.96, zidisha 0.9, zidisha 0.1, kisha gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Unapata 139. Hao ni wagonjwa waliothibitika, siyo watu wote utakaowapima. Kama mmoja kati ya watano wanaokuja kituoni anao ugonjwa huo, utahitaji kuwapima watu 695 ili uwapate hao 139. Ongeza asilimia 10 kwa sampuli zitakazomwagika, fomu zitakazokosa umri, na wanaobadili mawazo.

Kosa la kawaida ni kuandika 139 kwenye bajeti na kugundua katikati ya masika kwamba fedha zimekwisha na wagonjwa waliopatikana ni 28.

Vibali vinapatikanaje, na kwa mpangilio upi?

Mpangilio huu huokoa muda:

1. Andika itifaki ya utafiti, fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na mpango wa taarifa.
2. Pitisha kwenye kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako.
3. Omba kibali cha kitaifa cha maadili kupitia NIMR. Kama sampuli au taarifa zitatoka nje ya nchi, mkataba wa kuzihamisha unaandaliwa hapohapo, usiuache hadi sampuli ziwe kwenye barafu.
4. Kama ni jaribio la kitabibu la kifaa au kitendanishi, peleka maombi kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kwa mikoa yetu ipo ofisi ya Kanda ya Magharibi, Tabora. Tumia ofisi hiyo kuuliza kifaa chako kiko daraja gani. Madaraja ni A hadi D kulingana na hatari, na ndiyo yanayoamua utadaiwa ushahidi wa kiasi gani.
5. Mtafiti asiye Mtanzania anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.
6. Kifaa chenye eksirei au mionzi ya aina hiyo kinapitia Tume ya Nguvu za Atomiki.
7. Mwisho ni barua za mkoa na halmashauri, kwa Katibu Tawala na Mganga Mkuu, kisha Mtendaji wa Kata na wa Kijiji.

Hiyo ya mwisho inadharauliwa na wengi, na ndiyo inayosimamisha kazi. Mtendaji asiye na barua ana haki ya kukurudisha mjini, na kijiji kilichoona gari geni likichukua damu bila taarifa hakitakupokea mara ya pili.

Fomu ya ridhaa ya Kiswahili inatosha?

Kwa maandishi, ndiyo. Kwa maelezo, mara nyingi hapana. Bibi wa Buhigwe atakuelewa vizuri zaidi kwa Kiha, mzee wa Sikonge kwa Kinyamwezi, na familia ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huenda ikahitaji Kirundi au Kiswahili cha Kongo. Mwandae mhudumu wa afya ngazi ya jamii aeleze kwa mdomo, kisha mwambie mshiriki arudie kwa maneno yake: tunachukua nini, kwa ajili gani, na anaweza kukataa lini. Akishindwa kurudia, hajaridhia bado, hata kama dole gumba limeshagusa wino.

Umeme wetu unayumba. Tutumie stabilaiza, inveta au sola?

Pengine vyote vitatu, ila kila kimoja kina kazi yake. Umeme wa nchi ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Ukifunga kirekodi cha volti kwenye soketi ya kituo cha kijijini kwa siku 14, na tunakuomba ufanye hivyo kabla ya kuchora saketi yoyote, utaona mambo mawili. Jioni volti hushuka, kwa kuwa kijiji kizima kimewasha. Na umeme unaporudi baada ya kukatika, huja na pigo la ghafla. Pigo hilo ndilo linalounguza vifaa. Kule kukatika kwenyewe hakuna neno. Stabilaiza yenye uwezo wa kuchelewesha dakika 3 kabla ya kuruhusu umeme kupita huokoa vifaa vingi.

Sasa hesabu ya betri. Chukua mashine ya oksijeni inayokula wati 350, ifanye kazi kwa muda wa saa 8 za usiku. Hiyo ni wati-saa 2,800. Inveta nayo hula sehemu yake. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 85, utahitaji karibu wati-saa 3,300 kutoka kwenye betri. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 200, ina wati-saa 2,400, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku itakufa mapema sana. Kwa hiyo tumia 1,200 tu. Unahitaji betri 3. Kuzijaza kila siku, kwa saa 5 za jua zuri na upotevu wa robo, unahitaji paneli za karibu wati 900. Masika hesabu hiyo haitoshi, ndiyo maana mtungi wa akiba lazima uwepo.

Mambo mawili ya kutazama unaponunua inveta. Mashine yenye kompresa huvuta umeme mara kadhaa zaidi inapoanza, hivyo kwa wati 350 usinunue inveta ya wati 500. Nunua ya 1,500. Na iwe ya mawimbi laini. Zile za bei nafuu zenye mawimbi ya ngazi ngazi huichemsha mota, ikanguruma kwa miezi michache na kufa.

Baada ya hapo kagua ardhi. Majengo mengi ya zamani yana soketi ya matundu matatu ambayo tundu la ardhi halijaunganishwa na kitu. IEC 60601-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba vya umeme, kinataka mkondo unaoweza kumpitia mtu anapogusa kasha la kifaa usizidi mikroampea 100 katika hali ya kawaida, na 500 hitilafu moja inapotokea. Pima ukiwa umetoa waya wa ardhi makusudi, kwa sababu hiyo ndiyo hali halisi utakayoikuta.

Joto, vumbi na safari: tupime nini?

Kwa mashine ya oksijeni, Shirika la Afya Duniani linataka ifanye kazi hadi nyuzi 40, unyevu wa asilimia 95, na itoe oksijeni isiyopungua asilimia 82. Viwango hivyo ni vizuri kuviazima hata kwa kifaa kingine. Kimo si tatizo kubwa kwetu: Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, Tabora mjini karibu 1,200.

Unyevu ndio adui wa mwambao. Zeolaiti, zile punje zinazochuja naitrojeni ndani ya mashine ya oksijeni, hunyonya maji ya hewani. Mashine iliyokaa stoo miezi 6 bila kuwashwa inaweza kuwaka, ikanguruma vizuri, ikatoa hewa ya kawaida tu. Mlio unamdanganya kila mtu. Iwashwe angalau saa moja kila wiki, chujio lioshwe kwa maji na sabuni kila wiki, na oksijeni ipimwe kwa kifaa chake kila mwezi.

Vumbi ndiye adui wa Tabora, hasa kati ya Juni na Oktoba. Feni inayovuta hewa kutoka chini ya kasha itajaza kifaa vumbi jekundu ndani ya wiki chache. Pandisha tundu la hewa juu, weka chujio linalotolewa kwa vidole bila bisibisi.

Kuhusu safari, funga kifaa kwenye boksi lake, kipande bodaboda kilomita 40 za barabara ya vumbi na boti saa kadhaa, kisha ukiwashe bila kukifungua. Kinachoachia mara nyingi ni plagi ndogo za ndani na sehemu nzito zilizoshikwa na solda peke yake. Tone la gundi ya silikoni kwenye kila kapasita kubwa na plagi zenye kufuli humaliza tatizo hilo kwa gharama ya shilingi mia chache.

Ni kweli vipima oksijeni vya kidole husoma vibaya kwenye ngozi nyeusi?

Kweli, na jambo hili linatuhusu sana. Kifaa hupitisha mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi na usioonekana wa 940, kisha hulinganisha kiasi kinachopita. Rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika, pale kifaa kinaposema hali ni nzuri, uliwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko weupe: asilimia 11.7 dhidi ya 3.6.

Mwongozo wa Marekani wa 2013 uliridhika na watu 10 tu, wawili kati yao wakiwa na ngozi nyeusi. Kifaa kilichopita kwa mtindo huo kimethibitishwa kwa watu wawili wanaofanana na wagonjwa wa Kigoma. Ukitengeneza au ukinunua, dai takwimu za watu wenye ngozi nyeusi peke yao, zitenganishwe. Na kwenye mafunzo mwambie muuguzi kwamba 93 kwa mtoto anayehema kwa shida isimpe usingizi. Amtazame mtoto, akihesabu pumzi dakika nzima.

Hataza tuombe lini?

Kabla ya kukionyesha popote: mkutanoni, kwenye jarida, kwenye mashindano, kwenye video. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi (patent), hutolewa kwa kitu kipya, na ulichokwisha kukitangaza mwenyewe kinaweza kuhesabiwa si kipya tena. Tanzania Bara maombi hupokelewa na BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Unaweza pia kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la haki za ubunifu lililoko Harare, ukataja nchi kadhaa kwa ombi moja. Ulinzi ni wa nchi ulizozitaja tu. Kama uvumbuzi ni wa chuo au mwajiri, malizeni makubaliano ya maandishi mapema, wakati bado hakuna fedha ya kugombania.

Kwa maoni yetu, kwa vifaa vingi vya zahanati hataza si kitu cha kukukosesha usingizi. Anayekunakili hataweza kunakili ushahidi wako wala mafundi wako.

Tulitengeneza vifaa 5 kwa mikono. Tukiagizwa 200 tufanyeje?

Vifaa 5 vilipona kwa sababu fundi mmoja mzuri alirekebisha kila kimoja kimya kimya. Kwenye 200 hayupo. Kabla ya kuongeza idadi, fanya haya: kila sehemu iwe na namba, mnunuzi wa kwanza na wa pili, kila hatua ya kuunganisha iandikwe ili mtu mwingine aifuate, kila kifaa kipate namba yake na karatasi ya vipimo kabla hakijatoka. Huo ndio moyo wa ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora wa vifaa tiba. Hatari ziandikwe kwa utaratibu wa ISO 14971: nini kinaweza kukosea, kitamdhuru nani, tumezuiaje. Kazi ya bati, makasha na vishikio inaweza kufanyika SIDO, shirika la viwanda vidogo. Bodi za saketi bado huagizwa nje. Agiza akiba ya asilimia 10, na usibadili kapasita kwa ya bei nafuu bila kupima upya.

Kipuri ambacho hakipatikani Kigoma mjini au Tabora mjini kiwekwe kwenye boksi la kifaa tangu siku ya kwanza: fyuzi 5, kihisi 1, chaja 1, waya 1. Boksi hilo lina thamani kuliko dhamana ya miaka miwili.

Nani atanunua?

Swali hili liulizwe mwaka wa kwanza. Kituo cha serikali kinanunua kilichopo kwenye mpango wake, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mipango ya afya ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla, hivyo kifaa kinachozinduliwa Agosti kitasubiri karibu mwaka mzima. Bohari ya Dawa, yenye kanda yake Tabora, hushughulikia vilivyosajiliwa na vilivyo kwenye orodha zinazotambulika. Bila usajili wa TMDA hakuna mazungumzo.

Andaa karatasi moja kwa Mganga Mkuu: bei ya kifaa, bei ya matumizi kwa mgonjwa mmoja, bei ya matengenezo kwa mwaka, na kinachoachwa kununuliwa kikija hiki. Kama hujui mstari wa tatu, usiupambe, rudi ukahesabu.

Je, tugawe bure kwanza?

Kwa jaribio, ndiyo, kwa tarehe ya mwisho iliyoandikwa na makubaliano ya nani atakimiliki baadaye. Kugawa bila bajeti ya matengenezo ni kuijazia hospitali ile stoo tuliyoitaja.

Ya kwetu ni programu ya simu. Haya yote yanatuhusu?

Mengi yanawahusu. Programu inayosaidia kuamua matibabu inaweza kuhesabiwa kifaa tiba. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jisajilini kwa Tume husika na mwandike taarifa zinakaa wapi na nani anaziona.

Kiutendaji, programu ifanye kazi siku 7 bila intaneti na kutuma mtandao ukirudi. Ijaribuni kwenye simu ya bei ya chini yenye kioo kilichopasuka, siyo ya mhandisi. Jambo linaloua programu nyingi ni kumfanya muuguzi aandike mara mbili: kitabu cha MTUHA, kisha simu. Kama hamwezi kumpunguzia safu moja ya kuandika, atawapenda wiki ya mafunzo na kuwaacha ya tatu.

Itachukua muda gani?

Miaka, hata kwa kitu kizuri. Tazama vyandarua. Teknolojia ya kuchanganya dawa ndani ya uzi wenyewe ilipata pendekezo la Shirika la Afya Duniani 2001, na 2003 kiwanda cha Arusha kikaanza kuvitengeneza baada ya Sumitomo Chemical ya Japani kukipa ujuzi wake. Mbu wakajenga usugu. Vyandarua vyenye dawa mbili vikajaribiwa Misungwi, Mwanza: viligawiwa mapema 2019, matokeo yakachapishwa 2022, pendekezo likaja Machi 2023. Miaka minne tangu kugawa hadi kupendekezwa, kwa kazi iliyokwenda vizuri na kuwa na fedha.

Mafunzo ya siku ngapi?

Saa 2 kituoni, kurudia baada ya wiki 2, kurudia tena baada ya miezi 3. Semina ya siku 3 hotelini huwafundisha watu ambao hawatakigusa kifaa. Wafundishe angalau watumishi 3 kwa kituo pamoja na fundi sanifu vifaa tiba wa halmashauri, kwa sababu uhamisho haukusubiri. Bandika hatua zisizozidi 6 kwa Kiswahili ukutani, kwa picha, pale mkono unapokifikia kifaa.

Kifaa kimekosea na mgonjwa amedhurika, au nusura adhurike. Tufanye nini?

Mhudumieni mgonjwa kwanza kwa njia mbadala. Kisha kitoeni kifaa kwenye matumizi kikiwa kama kilivyo: msikisafishe, msikifungue, msikizime kama kina kumbukumbu inayopotea. Andikeni saa, namba ya kifaa, aliyekuwa akikitumia, namba iliyokuwa ikionyeshwa, na hali ya umeme wakati huo. Toeni taarifa kwa Mganga Mkuu, TMDA na kamati ya maadili iliyowapa kibali. Kama hitilafu inaweza kuwa kwenye vifaa vingine vya toleo hilo, vipigieni simu vituo vyote siku hiyohiyo, hata kama ni saa 5 usiku, na visitumike hadi sababu ijulikane. Muuguzi aliyetoa taarifa aandikiwe barua ya shukrani, na nakala iwekwe kwenye faili lake.